Njaa ya Mwaka Jana

Habari kwamba Syombua ameonekana kwenye televisheni zilimfikia Syombua mwenyewe mwisho kabisa, baada ya soko zima la Tawa kuzijua. Alikuwa uani akipura kunde kwa fimbo, maganda yanamrukia kichwani, wakati jirani yake Mbula alipoingia bila hodi na kusimama akimtazama, kama mtu anayelinganisha sura na picha.

"Mama Muthoki, kumbe wewe siku hizi ni mtu wa televisheni."

"Televisheni gani?"

"Si ile ya Nzioka, kwa hoteli. Jana jioni yule mtangazaji alikuwa anasoma vipindi vya wiki hii. Akasema kutakuwa na mpira, kutakuwa na kwaya, halafu Jumapili msikose kipindi maalum cha njaa ya Ukambani. Hapo ukatokea wewe. Uso mzima. Hata hilo pengo lako tuliliona."

Syombua aliilaza fimbo juu ya kunde. "Nilikuwa nafanya nini?"

"Unaongea. Umebeba kiondo, uko kwa laini ya kambi ya chifu. Ukasema, 'Mume wangu yuko Mombasa. Watoto wanalala njaa.' Halafu wakakutoa, wakaleta mambo ya sabuni."

"Ni hayo tu niliyosema?"

"Ni hayo tu tuliyosikia." Mbula akashusha sauti ingawa uani hapakuwa na mtu mwingine. "Baba Muthoki ameenda soko?"

"Ameenda kununua misumari."

"Basi ameshaambiwa," Mbula akasema, na kwa huruma au kwa aibu akainama kumsaidia kuokota kunde zilizorukia mbali.

Syombua aliikumbuka siku ile vizuri. Ilikuwa mwaka uliopita, mwaka wa njaa ambayo watu wa Ukambani waliipa jina la Nikwa Ngwete, yaani ninakufa na pesa mkononi, kwa sababu hata mwenye noti mfukoni alitembea duka kwa duka asipate pakiti moja ya unga. Mumewe Mutiso, ambaye sasa alikuwa nyumbani kwa likizo, wakati huo alikuwa Mombasa akichomelea vyuma kwenye karakana, na kila mwezi alituma pesa kwa posta bila kukosa. Alituma na maneno pia: watu wake wasionekane kwenye foleni ya mahindi ya msaada, maana yeye hajawa maiti. Syombua akapanga foleni. Ikafika siku gari la watu wa televisheni likaja, kijana mmoja akamsogezea kipaza sauti mdomoni, naye akasema, kwa Kiswahili alichokipangilia pole pole, kwamba mume wake yuko Mombasa, anatuma pesa kila mwezi, ni mtu mwema, lakini pesa haitafuniki na dukani hakuna kitu, kwa hiyo watoto wanalala njaa.

Maneno hayo yote. Wao wakachukua mwanzo na mwisho.

Lakini hilo silo lililomtia hofu pale uani. Siku ile hakuwa peke yake kwenye foleni. Alikuwa na mama mkwe wake, Kalondu. Bibi huyo alikataa katakata kubaki nyumbani, akasema kichwa kimoja hupimiwa mahindi ya kichwa kimoja, na yeye bado ana kichwa. Waliporudi na mahindi yao ya manjano, bibi akamshika mkono. "Mwanangu asijue nilisimama pale. Atakufa kwa aibu huko Mombasa, na sisi bado tunamhitaji." Syombua akaapa. Wiki chache baadaye kikohozi kikampeleka Kalondu hospitali ya misheni, na hakurudi. Hospitalini hapakuwa na mahali pa kuhifadhi mwili. Kesho yake akazikwa. Mutiso alifika kesho kutwa, akakuta kaburi limeshafukiwa na watu wameshaenda zao. Picha pekee ya mama yake ilikuwa kwenye kitambulisho, na kitambulisho kilikuwa kimesharudishwa kwa chifu kama sheria inavyotaka.

*

Mutiso alirudi bila misumari. Aliketi kwenye kiti chake cha ngozi, akavua kofia, akaiweka gotini. Hakuwa mtu wa kupaza sauti. Alikuwa mrefu, mwenye macho mekundu kwa miaka mingi ya kutazama moto wa kuchomelea, na alipokasirika alizidi kuwa mpole, jambo ambalo nyumba nzima iliogopa kuliko kelele.

"Nimemkuta Kivuva dukani," akasema. "Mzee wa kanisa mzima. Ameniuliza kama Mombasa siku hizi kuna posta."

Syombua akaendelea kuchambua kunde.

"Wakacheka. Hata mimi nilicheka, maana sikuelewa. Ikabidi yule wa misumari anieleze, kama vile mtoto anaelezwa." Akaigeuza kofia. "Kwa hiyo ulipanga laini."

"Nilipanga, Baba Muthoki."

"Na ukasema mume wako yuko Mombasa na watoto wanalala njaa."

"Nilisema ulikuwa unatuma pesa. Nilisema wewe ni mtu mwema. Hayo wameyatoa."

"Wameyatoa." Alilirudia neno hilo kama mtu anayeonja chumvi. "Watu wanatoka Nairobi na gari, wanaleta mashine ya serikali, halafu wanatoa maneno yako mdomoni. Wayapeleke wapi?"

"Mimi sijui wanavyofanya."

"Hata mimi sijui," Mutiso akasema. "Kile ninajua ni kwamba pesa nilituma." Akainuka akaenda kutazama ghala, ambalo mwaka huo lilikuwa limejaa mpaka mahindi yanachungulia kwenye fito. Alisimama hapo muda mrefu akiwa ameipa nyumba mgongo.

Binti yao Muthoki, aliyekuwa ameanza kidato cha pili, alimpelekea baba yake chai hukohuko ghalani. Aliirudisha ikiwa imepoa.

*

Katikati ya wiki wakaja wageni. Walikuwa wanawake wawili kutoka Kilungu, wa ushirika wa kina mama wa kanisa lao, wamevaa vitambaa vyeupe kichwani, mmoja amebeba unga mgongoni na mwingine furushi la nguo. Walikuwa wametembea kutoka barabarani wakiuliza njia, na kila waliyemwuliza alijua.

"Bwana asifiwe," akasema mkubwa wao, mama mnene mwenye pumzi fupi. "Tunatafuta nyumba ya yule mama alionekana kwa televisheni akilia njaa."

Hakuna aliyelia, lakini Syombua hakuwasahihisha. Aliwakaribisha, akawapangusia viti. Mutiso alikuwa akipigilia lango. Aliwaona, akaendelea kupigilia.

Mama mkubwa aliketi, akaangaza macho. Akaliona ghala. Akaona ngozi ya ng'ombe iliyojaa kunde zinazokaushwa, maboga yaliyopangwa ukutani, kuku wanaodonoa mahindi yaliyomwagika na hakuna anayewafukuza. Maombi aliyokuja nayo yalianza kumkwama.

"Tulionyeshwa juzi," mwenzake akasema kwa sauti ndogo. "Kwa pasta wetu. Tukasema hatuwezi kulala na mtu ana watoto wenye njaa."

"Ilikuwa mwaka jana," Syombua akasema.

"Hawakusema ni mwaka jana."

"Hawangesema. Karibuni chai."

Waliletewa chai na maboga yaliyochemshwa. Walikula, kwanza kwa haya, halafu vizuri, kwa sababu walikuwa wametembea. Walipotaka kuaga, mama mkubwa aliutazama ule unga kama mzigo ambao hajui ni wa nani.

"Uacheni," Syombua akamwambia. "Mmeubeba kwa nia njema. Nikiukataa nitakuwa nimewatukana." Akaingia ndani, akatoka na kiondo kilichojaa kunde na mahindi mabichi juu, akamtwika yule mdogo. "Na nyinyi mpelekee watoto."

Wanawake wale waliondoka wamebeba kizito kuliko walichokuja nacho. Langoni walimsalimu Mutiso, naye akaitikia akiwa na misumari mdomoni. Walipopotea kwenye kona akaitema mkononi.

"Sasa tunaletewa nguo za watu," akasema.

"Ni watu wazuri."

"Najua ni watu wazuri. Watu wabaya ningewafukuza." Akaokota shati moja kwenye furushi, la mtoto, lililotiwa kiraka kwa uangalifu mkubwa begani. Akalikunja tena vilevile lilivyokuwa. "Jumapili nitaenda kuitazama hiyo kitu mwenyewe. Kama ulisema hayo unayosema, nitayasikia."

"Usiende, Baba Muthoki."

"Kwa nini nisiende?"

Syombua alitafuta jibu ambalo halikuwa na jina la Kalondu ndani yake, akalikosa.

"Unaona," Mutiso akasema kwa upole.

*

Siku iliyofuata Syombua alienda hoteli ya Nzioka wakati wa mchana ambapo hapakuwa na wateja. Televisheni ilikuwa juu ya kabati, imefunikwa kitambaa kilichofumwa, na betri ya gari iliyoiwasha ilikuwa sakafuni chini yake. Nzioka alikuwa akikata nyama. Alikuwa mtu wa maneno machache, aliyependwa kwa sababu hakumfukuza mtu aliyekunywa chai moja jioni nzima.

"Nzioka, nimekuja kukuomba. Hiyo betri yako haiwezi kuwa imekufa Jumapili?"

Nzioka aliendelea kukata. "Kivuva amekuja na wazee wawili kuniuliza kama nina betri ya pili, hii ikifa. Chifu amesema atakuja. Watu wa ng'ambo ya mto wamesema watakuja. Mama Muthoki, hii sehemu yetu haijawahi kuonekana popote. Nikiizima watanichomea hoteli."

"Ni mimi watakuwa wananitazama."

"Mimi nilikuwa nyuma yako kwa hiyo laini," Nzioka akasema bila kuinua macho. "Mimi na hoteli yangu. Niliona kamera nikaishusha kofia mpaka hapa." Akajigusa pua kwa mkono uliokuwa na kisu. "Kila usiku naomba wawe hawakunichukua. Lakini betri siwezi."

Alimfungia mfupa wa supu kwenye gazeti, akakataa kulipwa.

*

Jumapili hoteli ilijaa mapema, watu wakiwa bado na nguo zao za kanisani. Kipindi kilikuwa kabla ya taarifa ya habari, jua likiwa bado linaingia mlangoni, ikabidi Nzioka aning'inize blanketi ili kioo kionekane. Wanawake walimpisha Syombua kwenye benchi la mbele, kwa heshima iliyofanana sana na udadisi. Muthoki akabanana naye. Mutiso alisimama nyuma kabisa, karibu na blanketi.

Mtangazaji akatokea, nywele zimechanwa vizuri, akasema vipindi vitakavyofuata jioni ile na kesho yake, kisha akasema sasa ni kile kipindi maalum. Muziki wa huzuni ukapigwa. Ikaonekana ardhi.

Mwanzoni watu waliongea, wakishindana kutambua. Hilo ni korongo la kwa Ndeti. Huo mzoga ni wa ng'ombe wa kwetu, naijua ile pembe. Kivuva, aliyeketi katikati na bakora yake, ndiye aliyetambua zaidi kuliko wote, na kila alipotambua alisema "naam" kama mwalimu. Halafu foleni ikatokea, na sauti zikaanza kupungua, maana haikuwa foleni ya Syombua peke yake. Ilikuwa inajipinda kutoka ofisi ya chifu mpaka kwenye miti ya michongoma, na ndani yake walikuwa wao wenyewe, wamekonda, midomo imepauka, kila mmoja akitazama kisogo cha mwenzake. Mtu mmoja aliyefunika uso kwa kofia alipita upesi. Nzioka akaanza kupangusa vikombe vilivyokwisha kupanguswa. Mke wa Kivuva akaonekana ameinua sufuria. Kivuva hakusema naam.

Kisha uso wa Syombua ukajaa kioo. "Mume wangu yuko Mombasa," ukasema, na baada ya kijimruko kidogo cha picha, ambacho mtu asingekiona kama hakukingoja, "watoto wanalala njaa."

Basi. Hata kwenye kipindi kizima hakukuwa na zaidi. Syombua aliitazama mikono yake mapajani. Nyuma alisikia mtu akikohoa kikohozi cha makusudi.

Alipoinua macho, Kalondu alikuwa kwenye kioo.

Alisimama upande wa kushoto, amefunga leso kifuani, fimbo mkononi, akimkagua mtu aliyeshika kamera toka miguuni mpaka kichwani, jinsi alivyokuwa akikagua mbuzi. Akafungua mdomo. Juu ya sauti yake ikapandishwa sauti nzito ya mtangazaji ikisema kwa Kiswahili safi: "Wazee nao wanalalamika kwamba chakula hiki hakiwatoshi." Lakini chini ya sauti hiyo Kikamba chake kilipenya, chembamba na dhahiri, na kila mtu ndani ya hoteli alikisikia.

"Huyu kijana amebeba mzigo mkubwa hivi na mbavu zake ziko nje. Amekula kweli? Mwana wakwa, mwanangu, umekula? Mwacheni apite mbele apimiwe."

Kicheko kililipuka hoteli nzima, kicheko cha kweli, cha watu waliokuwa wamebana pumzi. Kikakatika ghafla kama kilivyoanza, maana walikumbuka ni nani, na kwamba hayupo.

"Ni Kalondu kabisa," Mbula akasema.

Mutiso alikuwa ameacha mlango. Alipita katikati ya mabenchi akikanyaga miguu ya watu, watu wakavuta miguu yao bila neno, mpaka akafika mbele ya kabati. Kalondu alikuwa ameshapita. Aliyekuwa akizungumza sasa ni bwana mmoja mwenye tai, kuhusu magunia na malori. Mutiso alibaki pale pale, uso wake karibu na kioo, akimziba yule bwana. Chifu mwenyewe alikuwa haoni kitu. Hakuna aliyemwambia akae.

Alisimama hivyo hadi taarifa ya habari.

*

Njiani Muthoki alitangulia mbali, kwa sababu alikuwa mtoto mwenye akili. Kulikuwa na mwanga wa kutosha kuona njia. Mutiso alitembea nyuma ya mkewe kitambo, halafu akaja kando yake, ingawa njia ilikuwa nyembamba na ikambidi akanyage nyasi.

"Kumbe na yeye alikuwa."

"Aliniapisha nisikuambie."

"Alijua ningekasirika."

"Alisema utakufa na aibu na sisi bado tunakuhitaji."

Mutiso alitoa sauti puani ambayo ingeweza kuwa kicheko. Wakapita kwa Mbula, mbwa akabweka akawatambua akaacha.

"Yule kijana alipimiwa?" akauliza.

"Alikataa. Alisema ni kazi. Mama akamtilia mahindi mfukoni mwa koti kwa nguvu, yakiwa mabichi hivyo. Sijui aliyafanyia nini."

"Na Mama alikuwa na viatu? Kwa kioo sijaona miguu."

"Alivaa vile vyeusi ulivyomletea Krismasi. Vilikuwa vinamfinya. Alisema haendi mbele ya serikali na miguu mitupu."

Mutiso akatembea. Hatimaye alisema, kama mtu anayepima chuma kabla ya kukikata, "Mama amesema maneno yake mbele ya watu wote, na yule mtangazaji akasema mengine juu yake, tukisikia kwa masikio yetu. Eti analalamika chakula hakitoshi." Akasukuma tawi kando. "Kama waliweza kumfanyia vile mtu anaongea, basi hata hayo yako."

"Niliyasema, Baba Muthoki."

"Nimesikia." Kisha, baada ya hatua chache: "Uliniita mtu mwema? Kwa Kiswahili?"

"Kwa Kiswahili."

"Hungeongeza hata 'sana'?"

Syombua alicheka mpaka akasimama, na Mutiso akasimama naye, akimngoja. Jioni hiyo hakuketi kwenye kiti chake cha ngozi. Alikaa jikoni kwenye kigoda, magoti yakimgusa kidevu, akamwomba amweleze siku ile tangu walipotoka mlangoni, na kila alipoharakisha alimrudisha nyuma: ni nani alimpisha, aliketi wapi alipochoka, alikula nini waliporudi. Mahindi yale ya manjano, Syombua akamwambia, mama yake aliyaita mahindi ya farasi, na aliyala.

*

Mwisho wa wiki iliyofuata likizo ya Mutiso iliisha. Syombua alimsindikiza mumewe mpaka stendi. Gari lilikuwa linapakia, na ndani, dirishani, alikaa mwanamke mgeni, mfanyabiashara wa vitenge kwa mizigo aliyokuwa nayo, Kiswahili chake cha pwani. Alimtazama Syombua mara mbili.

"Samahani, dada yangu. Si wewe niliyekuona kwenye kile kipindi cha njaa?"

Watu waliokuwa karibu wakageuka. Syombua alihisi mwili wake ukijiandaa, kama ulivyojiandaa wiki nzima. Lakini Mutiso alikuwa ameshaweka mguu kwenye ngazi, na ndiye aliyejibu.

"Ni yeye. Ni mke wangu. Na yule mama mzee wa fimbo, ulimwona?"

"Nilimwona, masikini. Yule aliyekuwa analalamika chakula hakitoshi."

"Hapana," Mutiso akasema. "Hakulalamika. Yule ni mamangu. Ngoja nikae nikuambie alisema nini."

Aliingia, akamsogeza mtu, akaketi kando ya yule mwanamke. Gari likaanza kuondoka. Kupitia vumbi Syombua aliona mikono ya mumewe ikipanda na kushuka dirishani, ikionyesha urefu wa fimbo, ukubwa wa kamera, wembamba wa yule kijana. Kisha akaona abiria wa kiti cha mbele wakigeuza shingo zao ili wasikie.